Morris Minor iliyolala bandani Chake Chake: ninunue, na nikinunua nianze na nini?

Mkaazi wa Machomane

Assalamu alaykum ndugu na wazee wangu.

Nimepata fursa ya kununua Morris Minor ya milango miwili iliyokuwa ya mwalimu mmoja wa skuli hapa Chake Chake, ambaye amekwishafariki. Gari limewekwa katika banda la makuti lenye sakafu ya udongo, na watoto wake wanataka shilingi milioni nne. Kioo cha mbele ni kimoja, si vile viwili vya zamani vilivyotengwa katikati, na kibati kilichopigiliwa katika ukuta wa chuma nyuma ya injini kina namba inayoanzia na MA2S5. Rangi ilipakwa upya na inang'aa. Injini haiwaki, lakini nilipoizungusha kwa hendeli ilikubali.

Mimi ni mtumishi wa ofisini, ila nina kibanda cha kazi nyuma ya nyumba, nina spana za kutosha na nimezoea kuzifungua na kuzifunga Vespa zangu mwenyewe. Nataka kazi hii iwe yangu ya jioni na ya mwisho wa wiki, bila ya haraka. Ningependa kujua nikague nini kabla ya kutoa fedha, kazi ipi niifanye mwenyewe na ipi nimwachie fundi. Jirani yangu ananishauri nitoe injini yote nitie ya Kijapani. Hilo nalo nalileta kwenu.

Fundi Bodi, Jang'ombe

Waalaykum salaam, bwana. Rangi hiyo usiitazame kabisa, kwani rangi mpya juu ya gari lililolala ndiyo inayonitia shaka kuliko kitu chengine chochote ulichokieleza. Morris Minor haina chesisi ya peke yake kama Land Rover za zamani au lori la Bedford. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na nguvu zake zimo katika vizingiti vilivyo chini ya milango, katika boriti ya chuma inayopita chini ya viti vya mbele kutoka ubavu mmoja hadi mwengine, na katika miguu miwili inayotoka hapo kwenda mbele kuishika injini. Kutu ikiwa imekula mabawa ya matairi au boneti, hiyo ni hasara ndogo, maana vipande hivyo vimefungwa kwa bolti na hubadilishwa. Ikiwa imekula hizo sehemu nilizozitaja, unanunua kazi ya miezi mingi.

Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, uipitishe taratibu sehemu zote za chini za bodi. Penye bati itashika, penye puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, haitashika. Kisha nyanyua mazulia ya ndani, ingia chini ya gari na bisibisi butu, na ugonge kwa mpini ukisikiliza: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufifia na bisibisi huzama. Usisahau pale zinaposhikwa springi za nyuma, wala mguu wa chuma ulio chini ya miguu ya dereva, kwa sababu silinda kuu ya breki imefichwa humo na maji hukaa. Ukimaliza, tia jeki upande mmoja mahali pake panapostahiki, nyanyua kidogo, kisha fungua mlango. Mlango ukikwama au mwanya wake ukibadilika, bodi imekwisha nguvu, na hapo uliza bei nyengine.

Nitasema jambo moja ambalo wenzangu wa kazi hawatalipenda. Hapa kwetu wapo wanaoziba vizingiti kwa bati la kuezekea nyumba, wakalifunga kwa ribiti, wakalipaka puti na rangi, na mteja akaondoka amefurahi. Bati hilo ni jembamba na limepakwa zinki. Ukilichomea, moshi wake hudhuru kifua, na ukiliribiti halibebi kitu. Vizingiti vinataka bati jeusi la milimita 1.2 hivi, geji 18, lililochomewa pande zote. Vipande vilivyokatwa tayari kwa ajili ya gari hili bado vinatengenezwa Uingereza, lakini fundi mwenye mashine ya kukunjia anaweza kukukunjia vizingiti hapa hapa kwa gharama nafuu, kwani umbo lake si gumu.

Kazi yako ya nyumbani iwe kuvua kila kinachovulika, kukwangua na kusafisha. Kuchomea mwachie mtu wa kazi. Ila kabla hajakata chochote hakikisha gari limekaa sawa juu ya stendi, na ndani ya uwazi wa kila mlango pamechomewa vyuma vya kuushikilia. Akikata kizingiti bila ya vyuma hivyo, bodi itainama katikati, na milango haitafunga tena hata ukiibembeleza.

Binti Mkunazini

Mafundi watakueleza habari za chuma. Mimi nataka kukuuliza habari za karatasi. Umesema mwenye gari amefariki na watoto wake ndio wauzaji. Je, mirathi imeshagawiwa? Gari ni sehemu ya mali ya marehemu kama zilivyo nyumba na mikarafuu, na mtoto mmoja aliye karibu na ufunguo hana uwezo wa kuuza fungu la mjane, la dada zake au la ndugu aliyeko Muscat. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo inayoshughulikia mirathi ya Waislamu huku kwetu, na migogoro huishia katika Mahakama ya Kadhi. Taka uone warithi ni nani, kisha wote watie saini katika hati ya mauziano, wakiwemo wanawake, ambao mara nyingi hawaulizwi, na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, awepo.

Baada ya hapo linganisha namba ya kibati na namba ya injini na zile zilizoandikwa katika kadi ya gari. Kama kadi imepotea, wao ndio waanze kuitafuta mamlakani kabla hujalipa, kwani wewe ukishalipa hawatakuwa na haja tena ya kuhangaika.

Kuna jambo jengine ambalo si la lazima lakini linapendeza. Kumbukumbu za kiwanda cha Morris zimehifadhiwa katika British Motor Museum iliyopo Gaydon, Uingereza, na kwa malipo wanaweza kukutolea cheti kinachoonyesha tarehe gari lilipotengenezwa, rangi yake ya asili na lilikopelekwa. Ukipata cheti hicho kabla hujachagua rangi, hutabahatisha.

Mtu wa Wete

Mimi naunga mkono kauli ya jirani yako. Injini ya Datsun 1200 imetiwa katika Morris Minor nyingi duniani, inaingia bila ya kukata sana, ina nguvu zaidi na giaboksi yake ni nzuri kuliko ile ya Kiingereza. Gari ni la kutembelea, si la kuwekwa katika makumbusho. Ukikwama barabara ya Wete na Chake usiku, hakuna atakayekuuliza kama injini ni ya asili.

Mzee wa Gulioni

Bwana wa Wete, nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe. Hiyo Datsun 1200 yenyewe ni gari la mwaka 1970, na kuitafuta injini yake nzima leo katika visiwa hivi si kazi nyepesi kuliko kuitengeneza iliyopo. Tena nguvu zikiongezeka, breki za asili, ambazo ni za ngoma magurudumu yote manne, hazitoshi; utabadilisha breki, halafu kiunganishi cha giaboksi, halafu shafti, halafu namba ya injini katika kadi. Mwisho wake fedha zilizokusudiwa kuokoa bodi zimekwisha, na bodi bado inaoza.

Tena tujue kwanza anachouziwa. Katika namba ya kibati, M ni Morris, A ni aina ya injini, 2S ni saluni ya milango miwili, na 5 ni toleo lenye injini ya cc 1098, lililoanza mwaka 1962. Injini hiyo ni ya ukoo uleule uliotiwa katika Mini na Austin za zamani, ndiyo maana pistoni, ringi, gasketi na valvu zake zinapatikana hadi leo kwa kuagiza. Ni injini rahisi kuliko nyingi nilizowahi kuzifungua. Kama inazunguka kwa hendeli, hiyo ni habari njema, lakini usiharakishe kuitia moto. Toa plagi, mimina oili kidogo katika kila silinda, iache siku chache, kisha izungushe kwa mkono. Mwaga petroli yote ya zamani, vua tangi ulioshe, badilisha oili na chujio, safisha kabureta. Kumbuka pia kwamba katika gari hili ncha chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya siku hizi, na kijana wa umeme asiyejua hilo ataunguza kitu.

Kuhusu petroli, injini hizi zilitengenezwa wakati petroli ilipokuwa na risasi, na risasi hiyo ilikuwa ikilinda vikalio vya valvu za moshi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli ya risasi ifikapo mwaka 2006. Kwa mwendo wa kisiwani, usiokimbiza gari, vikalio huchakaa polepole sana, kwa hivyo usifungue silinda hedi kwa sababu hiyo peke yake. Siku itakapofunguliwa kwa sababu nyengine, mwambie fundi wa mashine atie vikalio vya chuma kigumu.

Linalonitia hofu mimi ni miguu ya mbele, ile inayoshika magurudumu. Kila gurudumu la mbele linageuka juu ya nguzo yenye hesi, yaani mikato kama ya skrubu, juu na chini, na hesi hizo zinataka grisi mara kwa mara. Mwenye gari akisahau, hesi za chini huliwa, na siku moja, aghalabu anapokata kona au anapoingia shimoni, mguu huchomoka na gari hulala chini upande mmoja. Nyanyua gari, shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha mtu mwengine atazame nyuma yake. Pakicheza hata kidogo, nguzo na vishikio vyake vibadilishwe pande zote mbili. Usikubali kuambiwa kwamba grisi itatosha. Grisi huzuia kuliwa, hairejeshi kilicholiwa.

Breki nazo, mipira yote iwe mipya, hata ile inayoonekana nzima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwa hewa yetu ya Pemba na Unguja, gari lililolala miaka halikosi kutu ndani ya silinda zake.

Mkaazi wa Machomane

Nawashukuru nyote. Nimekwenda na sumaku na bisibisi kama nilivyoelekezwa. Kizingiti cha kushoto kimejaa puti karibu urefu wote, cha kulia ni nusu. Boriti ya chini ya viti inaonekana nzima upande wa kulia, na upande wa kushoto bisibisi iliingia mahali pamoja. Mlango wa kushoto ulikaza kidogo nilipotia jeki, lakini ulifunguka. Pahala pa springi za nyuma pako imara. Gurudumu la mbele la kulia linacheza. Warithi ni watano, wanne wapo hapa na mmoja yupo Tanga. Wamekubali kutia saini wote, na kadi ipo.

Je, milioni nne ni halali yake? Na nikilinunua, nilihifadhi vipi wakati kazi inaendelea? Kibanda changu kipo karibu na bahari.

Fundi Bodi, Jang'ombe

Kwa hali hiyo nisingetoa milioni nne. Vizingiti viwili, ncha moja ya boriti na miguu ya mbele, hizo ni fedha, na muuzaji anaujua ukweli kwa sababu yeye au marehemu ndiye aliyelipia puti. Waonyeshe sumaku mbele ya macho yao, kwa adabu, kisha anzia milioni mbili. Kama pale zinaposhikwa springi za nyuma pangekuwa pameoza ningekwambia uliache, lakini kwa ulivyoeleza gari linaokoleka.

Karibu na bahari usilifunike kwa turubai la nailoni. Jasho la usiku hubaki chini yake na kuloweka chuma kuliko umande wa nje. Liweke juu ya sakafu ya saruji, au tandika nailoni juu ya udongo, chini ya matairi, ili unyevu wa ardhi usipande, na uache hewa ipite pande zote. Shuka nzee la pamba linatosha kuzuia vumbi. Bati lolote utakalolikwangua lisilale uchi: lioshe kwa maji matamu kwanza, kwani chumvi ikibaki chini ya rangi kutu itarudi hata ukipaka rangi ghali kiasi gani, likaushe, kisha lipake dawa ya kutu na praima siku ile ile. Kwa hiyo kwangua kipande unachoweza kukimaliza, si gari zima kwa pamoja.

Ama mpangilio, ni bodi ya chini, halafu miguu ya mbele na breki, halafu injini, na rangi ya nje mwisho kabisa, baada ya masika kwisha na kusi kukausha hewa. Vizingiti vipya vikishachomewa, vitoboe tundu ndogo kwa ndani, umimine nta au oili nzito ienee, uzibe kwa kizibo cha mpira, na kila mwaka urejee.

Mzee wa Gulioni

Naongeza moja tu. Ukiagiza vipuri, agiza vya miguu ya mbele na mipira ya breki katika mzigo mmoja, kwa sababu gharama ya kusafirisha na ushuru wa bandarini huumiza zaidi kuliko bei ya vitu vyenyewe. Na matairi yake ni ya inchi 14, membamba. Uliza Darajani na Dar es Salaam kwanza kabla hujaagiza nje, ukitaja 155/80.

Mkaazi wa Machomane

Wamekubali milioni mbili na laki sita. Hati itasainiwa akifika huyo wa Tanga, na kibanda kinamwagwa saruji wiki hii.