Raba za bamba la kaboni: zizuiwe kwenye mbio zetu zenye zawadi ya pesa, au kila mtu avae alichonacho?

Mkimbia Alfajiri, Temeke

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili, nalileta jamvini nipate akili za wenzangu.

Klabu yetu ya jogingi ilipeleka vijana wanne kwenye mbio za kilomita 10 kule upande wa Daraja la Tanzanite. Mmoja wao, kijana wa Mbagala ambaye siku za kazi anasukuma mkokoteni wa maji, alimaliza wa nne. Pesa ilikuwa ya watatu wa mwanzo. Aliyemtangulia alimzidi hatua kama kumi tu. Nikawaangalia miguuni. Wetu ana raba ya mtumba ya elfu thelathini, kisigino kimelika upande mmoja. Yule wa tatu ana raba mpya, soli nene kama boflo, zile zenye bamba la kaboni, kipande chembamba na kigumu, ndani. Nikauliza bei, nikajuta kuuliza.

Kwa asiyezifuatilia: zilishika soko mwaka 2017 kupitia Nike Vaporfly 4%. Hiyo asilimia 4 ilitoka Chuo Kikuu cha Colorado, walikowapima wakimbiaji 18 wakakuta wanatumia nguvu pungufu kwa kiasi hicho kwa wastani (utafiti uligharamiwa na Nike wenyewe, tusifichane). Ziliuzwa dola 250. Oktoba 2019 Eliud Kipchoge akakimbia marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna akiwa na toleo la majaribio, na kesho yake kule Chicago Brigid Kosgei akavunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake iliyokaa miaka 16. Januari 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia likaweka mipaka: soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40, bamba liwe moja tu, na kiatu kiwe kimeshauzwa madukani miezi minne kabla ya mashindano.

Kiwe madukani, sawa. Duka la nani? Dola 250 ni zaidi ya laki sita, bado hujalipa usafiri na ushuru.

Hoja yangu: mbio za mitaani hapa Dar zenye pesa zizuie raba za bamba. Anayezitaka akimbie nazo, ila asishindanie zawadi.

Baharia wa Kigamboni

Na waliokunywa supu asubuhi nao tuwazuie? Maana kijana wako huenda alikimbia na chai ya rangi.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimefundisha michezo shule za msingi miaka thelathini na moja, naomba nafasi kidogo.

Malalamiko haya hayakuanza jana. Huko Bolton, Uingereza, miaka ya 1890, Joseph Foster alitengeneza viatu vya kukimbilia vyenye misumari. Nina hakika kuna mtu alisimama kando ya uwanja akasema yule mwenye misumari anaiba. Mwaka 1936 Jesse Owens wa Marekani alichukua dhahabu nne za Olimpiki Berlin akiwa na spaiki za Adi Dassler, fundi viatu wa mji mdogo wa Ujerumani. Baadaye Adi na kaka yake Rudolf walinuniana wakagawana kazi, ndiyo Adidas na Puma mnazoziona Kariakoo, halisi na zile nyingine. Kocha Bill Bowerman wa Marekani naye alimimina mpira kwenye chuma cha mkewe cha kuokea mikate ya wafo ili apate soli inayoshika ardhi. Chuma kikaharibika, soli ikapatikana. Raba imebadilika kila kizazi, na kila kizazi aliyechelewa kuipata amelalamika.

Sasa najua kuna mtu hapa atamtaja Abebe Bikila wa Ethiopia. Huwa anatajwa nusu. Ni kweli mwaka 1960 alishinda marathoni ya Olimpiki Roma akiwa peku, saa 2:15:16. Lakini Tokyo 1964 alivaa viatu na soksi, tena wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, akashinda tena kwa saa 2:12 na sekunde kidogo. Mnaotetea upeku, simulieni mpaka mwisho.

Pamoja na hayo, kijana wa Temeke namwelewa. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch, Februari 1974, akiongoza tangu mlio wa bastola, alikuwa na spaiki kama wenzake wote. Hakuna aliyekuwa na chemchemi chini ya kisigino. Walioshindwa walijua wameshindwa na mtu.

Binti Sinza

Shikamoo mwalimu.

Mimi nimezinunua hizo raba, mtumba pia, laki na nusu, kwa mkopo wa kikoba chetu. Sioni aibu. Tuliobahatika kupata moja kwa jasho letu mnatuweka fungu la matajiri?

Halafu mnaongea kama raba ni kitu kimoja kwa wote. Mguu wangu ni mwembamba kisigino, mpana vidoleni. Kwa miaka mingi mwanamke mwenye mguu kama huu alikuwa anavaa raba ya mwanaume iliyopunguzwa saizi na kupakwa waridi. Kucha zangu mbili zimetoka hivyo. Mngeanza kulalamikia hilo tungekuwa pamoja.

Hoja Kavu

Mnazunguka mbuyu. Mitumba ipigwe marufuku, tutengeneze raba zetu wenyewe, mtoto wa Mbagala avae mpya. Kwisha.

Mpima Dakika

@Hoja Kavu, ingekuwa rahisi hivyo ingeshafanyika. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuwanyima soko la AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Wengine tukarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya ushuru kwa nguo zake.

Na kiwanda tulishajenga. Kile cha viatu Morogoro, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, miaka ya 70. Mpango ulikuwa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Majengo hayakuwa na njia ya hewa, kwenye joto la Morogoro! Hakikufika hata asilimia 5 ya uwezo wake, kikafungwa 1990. Sisemi tusijaribu tena. Nasema "kwisha" ni neno kubwa.

Fundi wa Karume

Mtaniwia radhi, mimi si msomi, naandikiwa na mpwa wangu hapa kibandani. Ila hizo raba mnazozigombania mimi nazipasua, nitasema ninachokijua.

Mwaka juzi nililetewa kiatu cha aina hiyo, soli ya kati imeachana ubavuni. Mteja akasema ibandike, kesho kutwa nakimbia. Nikaingiza kisu niisafishe gundi ya zamani, nikakutana na kitu cheusi, kigumu, kimejipinda kama kijiko cha upawa. Nikajua ni takataka ya kiwandani, au kuna mtu alibandika bati kuziba ufa. Nikalichomoa. Na la kiatu cha pili nikalichomoa ili vilingane, maana mteja asije akachechemea. Nikapaka gamu, nikabana, nikashona ukingo kwa msharasi, nikampa.

Akarudi baada ya wiki kama mbili. Nikajiandaa kwa matusi. Kumbe kaleta kiatu cha mkewe. Nikamuuliza ile raba vipi, akasema fundi una mkono, inakwenda vizuri kuliko mwanzo. Sikumwambia kitu. Nimekuja kujua lile bamba ndilo lenye bei miezi mingi baadaye, mpwa aliponionyesha kwenye simu.

Sasa hilo la kijana wa mkokoteni. Mwambieni anayemnunulia raba asitazame soli ya chini. Muuza mtumba anajua unatazama hapo, anasugua kwa sabuni na mswaki mpaka inang'aa. Atazame ubavuni, kwenye sponji. Ikiwa na mikunjo midogo kama ngozi ya kiwiko, iache. Abonyeze kwa dole gumba: sponji hai inakusukuma, iliyokufa inabaki na shimo. Mwenyewe kule ughaibuni ameikimbilia mpaka imekata roho, ndiyo maana imeingia kwenye belo. Dukani inaonekana mpya, mguuni ni ubao.

Mpima Dakika

Fundi, umenichekesha mpaka nimemwaga chai, lakini ulichofanya kibandani kuna watafiti walikifanya maabara! Walichukua Vaporfly, wakakata bamba mara sita kupunguza ugumu wake, wakawakimbiza watu na nzima na iliyokatwa. Tofauti ya nguvu iliyotumika ilikuwa ndogo mno, haikufika hata asilimia 1. Kwa hiyo kazi kubwa inaonekana inafanywa na sponji yenyewe, ile plastiki wanayoiita PEBA, nyepesi na inayorudisha sehemu kubwa ya nguvu unayoikandamizia. Kuna aina yake moja inayotokana na mafuta ya nyonyo, nyonyo hii hii inayoota nyuma ya choo cha shule.

Mleta mada, ukizuia bamba, wenye pesa watanunua sponji ileile isiyo na bamba, na kijana wako atabaki wa nne. Na ukizuia sponji, nani atapima? Watu elfu mbili saa kumi na moja alfajiri, unapita na rula?

Mkimbia Alfajiri, Temeke

Fundi, heshima kwako. Nimeinuka hapa nikaenda kuibonyeza raba ya yule kijana, aliiacha kwangu ikauke. Kidole kimezama, na alama ipo hadi sasa ninapoandika. Mimi ndiye niliyeichagua. Nilitazama soli ya chini.

Kwa hiyo la kuzuia bamba nalirudisha mfukoni. Mwalimu na Mpima Dakika mmenibana, na dada wa Sinza nisamehe, sikukuwaza wewe. Lakini sijashindwa yote. Septemba 2025 Alphonce Simbu alipotupa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, ikabidi picha iamue: sekunde 0.03. Pale nilishangilia kwa raha kwa sababu wote wawili walikuwa na vifaa vya daraja moja. Kwenye mbio zetu hakuna hilo, na waandaaji wanachukua ada ya elfu arobaini kwa kichwa, wanarudisha fulana na medali. Fulana ninazo kumi na moja. Nimeanza kudekia.

Nasema hivi: klabu zikatae fulana. Thamani yake inunue raba mpya za kawaida, hata zisizo na jina, zikae klabuni, kijana anayekimbilia pesa aazimwe siku ya mbio na arudishe. Jumamosi tukimaliza mazoezi Coco Beach nitalitoa mbele ya viongozi.

Baharia wa Kigamboni

Kuazima raba? Fangasi za mwezi mzima. Ila fulana kweli zimezidi, hapo naunga mkono.

Binti Sinza

Zikinunuliwa, saizi 37 na 38 zisisahauliwe kama kawaida yenu.

Na fundi, yale mabamba mawili uliyachoma?

Fundi wa Karume

Nichome kitu kigumu vile? Moja nalitumia kupakia gamu kiatu cha mteja hivi sasa. La pili mpwa analitumia kuegeshea simu.