Binti anataka mkondo wa sanaa sekondari pevu, babake anasema STEM tu (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu). Nishaurini kabla hatujajaza chaguo

MamaZawadi_Mariakani

Wadau hamjambo. Ni refu lakini naomba mnisomee mpaka mwisho manake nimekosa wa kuuliza. Binti yangu yuko Gredi ya 9, hawa ndo wale wa kwanza kabisa kwenye huu mfumo mpya wa elimu hapa Kenya, Januari 2026 wanaingia Gredi ya 10 na hakuna mkubwa wao hata mmoja aliyepita hiyo njia nikamuulize mamake ilikuaje. Sasa wiki hii wanachagua mkondo na zile shule kumi na mbili, na yeye kaniandikia kwenye karatasi ya daftari, namba moja Sanaa na Michezo, thieta na filamu, namba mbili pia sanaa, namba tatu ndo Sayansi ya Jamii ili baba asikasirike.

Baba ameshakasirika. Mume wangu ni fundi umeme, amesomesha wadogo zake wanne kwa hiyo kazi na msimamo wake ni kwamba kuigiza ni kitu cha klabu baada ya masomo, si kitu cha kupeleka mtoto miaka mitatu bodingi. Simlaumu. Anaogopa njaa, na mimi pia naiogopa.

Lakini huyu mtoto jamani. Mwaka jana kwenye tamasha za drama alikuwa na shairi la mtu mmoja, akaigiza mzee wa mkokoteni wa maji, anapandisha jerikeni ule mlima wetu saa saba mchana, alivyokunja mgongo na alivyokuwa anaivuta ile pumzi mamangu mzazi akaanza kulia akasema huyo ni babu yenu, na babu alikufa kabla huyu hajazaliwa. Walifika mpaka mkoa wa Pwani. Na lile shairi aliliandika mwenyewe, mwalimu alirekebisha mistari miwili mitatu tu. Kiswahili na Kiingereza yuko vizuri sana, hesabu ni wastani, sayansi ndo inamtoa machozi.

Kuna shule ya upili ya serikali, gari moja tu kutoka hapa, imeandikwa ina mikondo yote mitatu. Sasa naogopa isije ikawa imeandikwa tu. Nitajuaje kama hiyo sanaa ipo kweli? Na akimaliza anaenda wapi? Walimu mlioko humu tafadhali.

Kaka_Kisauni

Mama Zawadi mimi nitakwambia kama kaka. Mpeleke STEM. Hii serikali yenyewe imepanga wengi zaidi waende STEM, sasa wewe uende kinyume na mtoto wa kike mwenye akili? Sanaa haimkimbii, ataifanya jumamosi. Mdogo wangu aliachwa afuate muziki, sa hii ana miaka thelathini na bado ananiomba nauli. Nampenda, na anapiga gita vizuri sana, lakini kila nikimuona roho inaniuma.

Mwalimu_wa_Jioni

Mama Zawadi salaam. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, nimefunza drama miaka kumi na moja, ndo maana nikajiita hivyo, manake kazi yote nimeifanya jioni.

Kwenye ule mfumo wa zamani wa 8-4-4 muziki ulikuwa somo kamili la KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, una mtihani wa vitendo, wa kusikiliza na wa nadharia. Uchoraji pia ulikuwa somo. Thieta haikuwahi. Thieta ilikuwa klabu, sisi walimu wa lugha ndo tuliibeba baada ya saa kumi bila kipindi kwenye ratiba. Tamasha la drama la kitaifa lipo tangu 1959 na lile la muziki tangu 1927, yaani miaka yote hiyo tumepandisha watoto jukwaani, tumewapa vyeti vya tamasha na kombe, wengine wamefika mpaka mbele ya Rais, halafu mtoto anarudi nyumbani na kwenye matokeo yake hakuna hata alama moja ya ile kazi. Sa hii ndo mara ya kwanza inakuwa somo la kupimwa. Kwa hivyo binti yako hajakosea kutaka, amezaliwa wakati mzuri.

Lakini hapo hapo ndo kuna shida. Kama haikuwa somo basi waliosomea kulifundisha ni wachache. Shule inaweza kuandikwa mikondo mitatu na mwalimu wa thieta akawa ni mimi, mwenye vipindi vyangu vya Kiswahili kuanzia asubuhi. Usiende kuuliza kama wana drama, watakujibu ndio. Uliza nani atafundisha, yupo ama anatarajiwa, na ratiba itaonyesha vipindi vingapi kwa wiki. Uliza chumba ni kipi, akupeleke ukione. Si lazima ukumbi mkubwa, chumba cha kawaida chenye sakafu wazi na mlango unaofungika kinatosha kabisa. Uliza kazi za vitendo za mwanafunzi zitawekwa wapi, zitarekodiwa na nini.

Na makombe kwenye ofisi ya mkuu wa shule yasikudanganye tafadhali. Shule nyingi hukodi mkufunzi wa nje, anakuja wiki tatu kabla ya tamasha na igizo lake mkononi, anakaririsha watoto usiku na mchana, wanashinda, analipwa anaondoka. Pale hakuna mtoto aliyejifunza kuandika hata onyesho moja. Nimeyaona haya na nimeshiriki pia, na inaniuma kusema. Uliza igizo la mwaka jana liliandikwa na nani. Wakikujibu ni wanafunzi na mwalimu wao, hapo kaa chini uongee nao vizuri hata kama waliishia kaunti.

Pesa nayo. Mgao wa serikali kwenye karatasi ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na lile fungu la shughuli ni hilo hilo la mpira, riadha, drama na muziki, ukitoa usafiri hakibaki kitu. Kwa hiyo maleba na kamera zitakuja kwa wazazi, ujue mapema.

MamaZawadi_Mariakani

Mwalimu Mungu akubariki. Hilo la igizo liliandikwa na nani nisingeliwaza hata siku moja. Na hesabu je? Babake anasema akienda sanaa ataacha hesabu na mlango wa chuo umefungwa hapo hapo.

Mwalimu_wa_Jioni

Hapana mama, hilo lilibadilishwa mwezi wa nne 2025. Hesabu ni lazima kwa wote, ila walioko nje ya STEM wanafanya ile nyepesi kidogo. Kiingereza, Kiswahili ama lugha ya ishara, hesabu, na huduma kwa jamii, hizo nne ni za kila mtoto Kenya nzima. Halafu anachagua matatu, angalau mawili yawe ya mkondo wake. Kwa huyo wako ningesema thieta na filamu, muziki na densi, na la tatu Fasihi ya Kiswahili kama mchanganyiko huo upo kwa hiyo shule, manake mtoto anayeandika bila kusoma fasihi atachoka mapema.

Na kupangiwa shule wataangalia mtihani wa Gredi ya 9 asilimia 60, zile tathmini za 7 na 8 asilimia 20, na wa Gredi ya 6 asilimia 20. Sayansi asiitupe kwa sababu anaenda sanaa.

FundiTaa_Likoni

Shikamoo mama. Mimi naongea kama mtoto wa shule ya serikali niliyekuwa klabu ya drama na nikawa sijui kuigiza kabisa. Nilikuwa nabeba viti. Mwalimu akanipa tochi mbili na karatasi ya rangi nimulike mtu anayekufa, basi ikawa ndo hapo. Leo nafanya taa na sauti, matamasha, harusi kubwa za Mombasa, mikutano ya mahoteli, na mara mojamoja nikiitwa Nairobi naenda. Sijaajiriwa na mtu lakini silali njaa na nimejenga chumba na sebule.

Nasema hivi kwa sababu nimeona umesema mzee ni fundi umeme. Watu wakisikia thieta wanaona uso wa mtu anayelia jukwaani. Nyuma ya huyo anayelia kuna mtu anajua mzigo wa nyaya, ampia ngapi, dimma (kipunguza mwanga) gani, jenereta likizima tunafanyaje. Huyo mtu ni jamaa wa mzee kikazi. Mwambie mzee aende mwenyewe hiyo shule aangalie ukumbi. Usimtume mtoto kumshawishi na usimshawishi wewe, mpeleke tu aone.

Mzaliwa_wa_Malindi

Niko New York miaka kumi na minne sasa. Huku kuna shule ya serikali inaitwa LaGuardia, haina karo, iko Manhattan pale karibu na Lincoln Center. Meya Fiorello La Guardia ndiye aliyeanzisha shule ya muziki na uchoraji 1936, ya jukwaani ikaja mwishoni mwa miaka ya 1940, baadae zikaunganishwa na tangu 1984 ziko jengo moja. Mtoto wa dada yangu alijaribu upande wa kuigiza, unaandaa hotuba mbili fupi za dakika moja moja, zisifanane, na wanaangalia na matokeo yako ya darasani pia. Hakuchukuliwa. Alilia wiki nzima. Akaenda shule ya kawaida ya mtaani ambayo ndani yake wana programu ya drama, na mimi ndo nilikuwa nampeleka na kumchukua kwa hiyo nimeiona kwa macho.

Kilichonishangaza ni kwamba hawakupunguziwa chochote. Hesabu, sayansi, historia kama watoto wengine, halafu kila siku kipindi cha jukwaa kipo kwenye ratiba kama kipindi cha kemia, si jioni kama anavyosema mwalimu hapo juu. Mtoto alikuwa anarudi amechoka lakini hajachoka kwa ubaya. Na hili la FundiTaa ni kweli, hata LaGuardia wana idara nzima ya ufundi wa jukwaa, mtoto anaomba kuingia kwa hiyo tu, taa, sauti, kujenga mandhari, bila kuigiza. Huyu wetu alianza kuigiza akaishia kuwa msimamizi wa jukwaa, yule anayekaa gizani na kusema sasa, na bila yeye hakuna anayetoka. Dada yangu alikuwa hajui hata kama hiyo ni kazi.

Ila dada, huku pia si shule zote ni sawa. Shule ikikosa mwalimu mmoja tu mwenye moyo programu inakufa, hata jengo liwe zuri vipi.

Msonga_Bagamoyo

Dada salaam kutoka Bagamoyo. Huku kwetu Tanzania nilisoma TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ndo ile iliyokuwa Chuo cha Sanaa tangu 1981. Tulioingia wengi tulitoka kidato cha nne, vipaji tunavyo, tumecheza ngoma UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, mpaka basi, lakini nota hatusomi na igizo hatujui kulichambua, mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu sana kwa sababu hiyo. Mtoto akipata misingi akiwa na miaka kumi na tano anafika chuoni yuko mbali. Kwenu mna Kenyatta University wanafundisha muziki, na thieta na filamu pia, kwa hiyo usiambiwe hakuna pa kwenda. Kila la heri kwa binti, na mzee asikilizwe pia, ni baba.

Kaka_Kisauni

Nimesoma yote. Mdogo wangu hakuwahi kufundishwa na mtu, alijifunza mwenyewe kwa simu na shule aliacha kidato cha tatu. Nilikuwa najibu kama vile ni kitu kimoja na hiki, naona si kimoja. Mama Zawadi nenda kaione hiyo shule.

MamaZawadi_Mariakani

Nimerudi. Tulienda jana wote watatu, mzee aliomba ruhusa ya nusu siku, alikubali kuja kwa sababu nilimwambia nataka uangalie ukumbi wao una umeme gani, sikusema lingine.

Mwalimu mkuu msaidizi alitupokea vizuri. Nikauliza kama mlivyonifundisha. Muziki wana mwalimu aliyesomea, yupo, tumemuona, ana kinanda kimoja na ngoma za kienyeji tano na alikuwa na wavulana wawili wanajifunza kusoma nota ubaoni. Thieta hawana bado, wameomba, na asipokuja atashika mwalimu wa Kiingereza, dada mmoja mdogo tu. Alituambia bila kuficha kwamba hajasomea ila amehudhuria semina na anasoma. Nikamuuliza igizo la mwaka jana liliandikwa na nani. Akafungua kabati akatoa daftari tatu, mwandiko tofauti tofauti, zimekatwakatwa kwa kalamu nyekundu, akasema hawa ni wasichana watatu wa kidato cha pili, waliandika muhula mzima, tuliishia kaunti. Zawadi alizichukua akaketi kwenye ngazi za jukwaa akaanza kusoma na hatukumsikia tena.

Mzee alizunguka ule ukumbi. Soketi mbili, moja imeungua, waya wa taa za jukwaani umepitishwa juu ya dari umefungwa na kamba ya nailoni. Akamuuliza yule mwalimu, watoto wanasimama hapa chini ya huu waya? Akasema ndio. Akauliza ni nani huwafungia taa wakati wa tamasha, akaambiwa ni mlinzi. Alinyamaza mpaka tukafika stendi. Kwenye matatu akaniuliza hiyo thieta na filamu wanafundishwa na mambo ya taa ama ni kuigiza tu, nikamwambia hata mimi sijui mpaka mwisho lakini yuko kijana humu wa Likoni nimuulize.

Asubuhi hii tumejaza. Namba moja sanaa, shule ni hiyo hiyo. Namba mbili Sayansi ya Jamii na namba tatu STEM, hiyo ndo mzee ameomba na Zawadi amekubali mwenyewe. FundiTaa, kama upo, mzee anauliza ule waya ukibadilishwa uwe wa unene gani kwa taa nane, na kama jumamosi moja unaweza kuja muangalie pamoja, nauli atakutumia yeye.