Mgeni anayehamia Dar: anunue gari, au ajifunze daladala kwanza?

Mkazi wa Tabata:
Kila mara kuna mtu anahamishiwa Dar kikazi akitokea Mbeya, Mwanza au Songea, na swali ni lilelile: anunue gari au apande daladala? Msimamo wangu: miezi mitatu ya mwanzo asiguse usukani. Daladala ndilo litakalomfundisha jiji. Kutoka Tazara kwenda Mwenge kuna njia mbili. Ya Mandela inapita Buguruni, Tabata na Ubungo. Ya Kawawa inapita Ilala Boma, Magomeni na Morocco. Moja ikifunga, unajua pa kukimbilia. Kabla ya kupanda soma ubao wa mbele na utazame rangi ya mstari ubavuni. Kwenye mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, ya Kivukoni na ya Gerezani yanaachana kituo cha Fire. Ukijikuta ndani ya la Gerezani na safari yako ni Posta, shuka Fire kabla halijakata kulia kuingia mtaa wa Msimbazi. Jioni ukitaka kiti, jifunze kugeuza na daladala.

Mama Tegeta:
Umeanza vizuri, mwisho umeharibu. Mgeni hajafungua hata begi unamfundisha kugeuza? Kwa wasiojua: mtu anadaka gari vituo viwili vitatu kabla halijaingia mwisho wa ruti, anabaki kitini, linageuka, anarudi nalo amekaa. Aliyesimama kituoni tangu saa 11 akiingia anakuta viti vimekwisha. Huko ni kumwibia mtu zamu yake.

Kijana wa Goba:
Mama, neno wizi ni zito, lirudishe. Anayegeuza analipa nauli mbili, ya kwenda na ya kurudi. Na zamu ipi unayoisema? Nenda stendi ya Makumbusho saa 12 jioni, kuna mlango mmoja na viwiko hamsini. Wengine wanarusha begi dirishani, begi linakaa kabla ya mwenyewe. Hao umewaacha, umemwona anayelipa mara mbili tu.

Fundi wa Gerezani:
Turudi kwenye swali. Anayenunua gari la foleni za Dar aanze na feni ya rejeta, rangi baadaye. Gari likisimama halipati upepo, linaitegemea feni peke yake. Mshale wa joto ukipanda gari likiwa limesimama na ukashuka likitembea, anza na feni: fyuzi, kisha rilei, kisha mota yenyewe. Mshale ukipanda hata gari likitembea, angalia kiwango cha maji, themostati na pampu ya maji. Weka koolanti, maji ya bomba yanaleta kutu na kuziba njia za rejeta. Likichemka, zima, subiri hata nusu saa ndipo ufungue mfuniko. Watu wanaungua uso kila siku kwa haraka ya dakika tano.

Mama Tegeta:
Kijana wa Goba, nauli mbili anakula nani? Konda. Aliyekaa kituoni hapati hata senti, kazi yake ni kusimama Makumbusho hadi Tegeta.

Konda Mbagala:
Nimeona "konda" nikasema hapa sipiti kimya. Tajiri, mwenye gari, anataka hesabu yake, hela yake ya siku, kila siku, foleni iwepo isiwepo. Anayegeuza anachukua kiti ambacho kingekaa mtu mwingine, kwa hiyo lazima alipe. Mnaita kula, sisi tunaita nauli.

Mkazi wa Tabata:
Na kukatisha ruti mnakuitaje? Ubao unasema Gongo la Mboto, gari linashusha watu Buguruni, linageuka kufuata abiria wapya. Leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inataka gari lifike mwisho wa ruti. Mgeni aulize mlangoni, "Unafika mwisho?" Likikatisha, adai chenji yake palepale kabla hajashuka. Ukishagusa lami, hela imekwenda.

Konda Mbagala:
Wanaokatisha wapo, siwatetei. Lakini usitupake wote matope.

Bint Temeke:
Ndiyo maana mwendokasi ni bora, hakuna kukatisha. Imeanza 2015 na nauli haikuwa hata 500, sikumbuki vizuri.

Kijana wa Goba:
Hukumbuki, basi usiandike. Ilianza Mei 2016: 650 njia kuu, 400 njia za pembeni, 800 ukiunganisha zote mbili. Na hakuna kukatisha? Mto Msimbazi ukijaa, barabara ya Jangwani inafungwa na mabasi yanaishia Magomeni. Siku hiyo mgeni asisimame pale akitoa machozi. Ashike Kawawa hadi Morocco, aingie Ali Hassan Mwinyi, avuke daraja la Selander au la Tanzanite kwenda Posta.

Bint Temeke:
Kunisahihisha sawa, kunifokea nini? Mgeni akisoma lugha hii atarudi Songea.

Fundi wa Gerezani:
Mwenye gari pia asiingize tairi kwenye njia ya mwendokasi hata iwe tupu. Na kwenye zebra asimame mtu anapokanyaga mstari. Wanaotoka mikoani wengi wanakamatwa kwa hilo na kwa kuzidi spidi kwenye kibao cha 50, faini 30,000 kwa kosa moja. Hela hiyo inalipa nauli za siku nyingi.

Kijana wa Goba:
Tumekusikia, fundi. Mama Tegeta bado hajajibu: dawa ya Makumbusho ni nini?

Mama Tegeta:
Mstari. Watu wapange mstari, gari likiingia lishushe wote, wa kugeuza pia ashuke aende nyuma ya mstari. Mwendokasi Kimara watu wanashuka wote, dunia haijaisha.

Konda Mbagala:
Mstari nani atausimamia? Wapiga debe?

Mkazi wa Tabata:
Basi hata kabla ya mstari: umegeuza, umekaa, ameingia mwenye mtoto mgongoni. Inuka.

Kijana wa Goba:
Na nauli mbili?

Mama Tegeta:
Hiyo ya pili mdai konda, yuko hapo juu anasoma.