Mliosoma vyuo ambavyo leo havipo, tupeane uzoefu

Wakuu habari za muda. Wenzangu tuliomaliza nao wamenitwisha zigo la kuandika historia ya chuo chetu, chuo chenyewe kidogo tu, kimefungwa zamani na majengo yana shughuli nyingine. Nikajua hii kazi ya wikiendi, kumbe nimeyakanyaga. Kila ninayemuuliza ana mkuu wake wa chuo "wa kwanza", na sababu ya kufungwa ndo usiseme, walimu wanasema wanafunzi walipungua, wanafunzi wanasema hela zililiwa, karani wa zamani anasema usajili uliisha muda na hakuna aliyefuatilia. Mi naona wote wako sahihi maana mambo haya yanavutana, chuo kinaishi kwa ada tu, udahili ukishuka kidogo mishahara inachelewa, walimu wazuri wanasepa, wakaguzi wakija wanakuta hakuna walimu wa kutosha, wanazuia kudahili wapya, na bila wapya hiyo ada itoke wapi. Waliopitia haya leteni stori zenu, mlijuaje, vyeti ilikuwaje na kumbukumbu anazo nani.

Kiti cha Nyuma
Sisi tulianza kuona kwenye ratiba. Unakuta mwalimu mmoja asubuhi takwimu, mchana uhasibu, jioni huyohuyo ndo mshauri wa wanafunzi, halafu madarasa matatu yanaunganishwa mnaambiwa ni "somo la pamoja". Mtihani wa mwisho maswali yaliandikwa ubaoni kwa mkono, eti mashine ya kuchapa mbovu, wino ulikuwa umeisha kitambo. Tangazo lenyewe karatasi moja imebandikwa mlango wa ofisi ya ada, mhuri umegongwa kichwa chini miguu juu. Watu walipita pale tangu asubuhi wakidhani ni orodha ya wadaiwa, ndo maana hakuna aliyesogea kusoma 😂

Mama Transkripti
Cheka tu, mi nililia. Nilikuwa mwaka wa pili. Tuliahidiwa tutapelekwa chuo kingine tumalizie bila kupoteza kitu, tulipofika wakasema wanatambua masomo ambayo wanaona yalifundishwa nini, matokeo peke yake hayatoshi. Kilichoniokoa ni yale makaratasi ya mwanzo wa muhula yenye mada, saa na vitabu vya kila somo, nilikuwa nayo kwenye faili kwa sababu mi ni mtu wa kutotupa kitu. Mwenzangu aliyekuwa na maksi nzuri kuliko mimi akarudishwa mwaka wa kwanza kwa kukosa hayo makaratasi. Kwahiyo wenye wadogo zao vyuoni waambieni, mada za somo zitunzwe pamoja na matokeo.

Mgeni wa Kudumu
Mkuu unayeandika historia, watafute wafanyakazi wa chini uachane na wakubwa. Mama yangu alikuwa mpishi wa chuo kimoja kilichofungwa na mpaka leo ana daftari la jikoni, kila siku sahani ngapi zimetoka, nani anadaiwa, siku gani gesi iliisha. Rejista ya wanafunzi ilipotea lakini ukifunua lile daftari unaona chuo kinavyopungua ukurasa kwa ukurasa, na unaona pia mwaka ambao uongozi ulikuwa unatangaza kwamba "chuo kinakua" sahani zilikuwa zinapungua. Wakubwa watakupa hotuba tu.

Kengele
Naongezea kwa wapenda historia. Kuna Black Mountain College, North Carolina, Marekani, kilianza 1933 na kufungwa 1957. Kilikuwa kidogo na hakina hela, wanafunzi na walimu wanalima shamba pamoja na majengo mengine wakajenga wenyewe. Josef Albers, msanii na mwalimu wa sanaa, na mkewe Anni, msanii wa ufumaji, walifika hapo mwaka uleule wa 1933 wakitoka Ujerumani, ambako Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu iliyoanza 1919, ilikuwa imefungwa kwa shinikizo la Wanazi. Yaani shule moja inakufa, watu wake wanaenda kuipa uhai nyingine. John Cage, mtunzi wa muziki, na Buckminster Fuller, mbunifu wa majengo, nao walipita pale. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa kwenye nyaraka za jimbo na watafiti wanazitumia mpaka leo. Chuo kiliishi miaka 24 tu lakini kinaandikwa kuliko vyenye karne, na mi naona siri kubwa ni kwamba makaratasi hayakutupwa.

Kiti cha Nyuma
Sasa wahitimu mbona huwa mnasubiri kife ndo mkumbuke? Sweet Briar, chuo cha wanawake kule Virginia, uongozi ulitangaza Machi 2015 kwamba wanafunga, wahitimu wakachanga, wakaenda mahakamani, Juni kukawa na makubaliano kiendelee na mpaka leo kipo. Antioch ya Ohio ilifungwa 2008, wahitimu wakaifungua tena 2011.

Mama Transkripti
Ndugu yangu hao walikuwa na ardhi, akiba na wahitimu wenye uwezo. Sisi wahitimu wenyewe nusu tulikuwa tunatafuta kazi, na jengo la kupanga, mwenye jengo alishabadilisha kufuli. Usitulaumu bure.

Mzee wa Faili
Kwa wanaohangaika na uhakiki wa vyeti, mwajiri akiandika kwa chuo barua inarudi, hapo usikate tamaa. Anzia mamlaka iliyokisajili chuo, waulize kumbukumbu zilikabidhiwa wapi, mara nyingi huwa ni chuo kingine au wizara. Nenda na namba ya usajili na mwaka wa kuhitimu, jina pekee halisaidii, na kama umebadilisha jina baada ya ndoa beba na kiapo. Omba nakala zaidi ya moja zilizogongwa mhuri, kwa sababu ofisi hizo nazo huhama.