Ushauri wa haraka: vifaranga wa wiki tano, niwatoe nje kwa wakubwa?

MtuwaBanda
Wakuu, heshima kwenu. Nina vifaranga 18, wametimiza wiki tano. Nimewalea ndani kwenye boksi kubwa lenye taa, sasa hawakaliki. Vumbi la manyoya limejaa nyumba nzima, mke wangu ana pumu na usiku hapati usingizi. Nje nina banda lenye mitetea wanne na jogoo mmoja, nafasi ipo ya kutosha. Swali langu ni moja tu: nikiwatoa sasa, baridi itawaua? Naomba majibu leo leo, nimechanganyikiwa.

MamaMitetea
Pole kwa mgonjwa. Baridi inategemea manyoya kuliko umri. Wiki ya kwanza kifaranga anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki, hivyo wakifika wiki ya sita wengi wanamudu nyuzi 20 hivi bila taa. Watazame kichwani na shingoni. Kama bado kuna vile vinyoya laini vya utotoni, hawajawa tayari. Anza kwa kuzima taa mchana siku tatu nne, usiku uiwashe. Wakirundikana kona moja wanalia, wana baridi. Wakitawanyika na kula, wako sawa.

BabaJogoo
Usijisumbue na vipimo. Ngoja usiku, wakubwa wakishalala wachukue polepole uwaweke pembeni yao. Asubuhi wanaamka wote wanajuana. Nimefanya hivyo miaka na miaka.

FundiWavu
Hiyo ya usiku ni kwa kuku waliokwishakomaa, BabaJogoo, tena si kila mara. Kifaranga wa wiki tano hana ubavu wa kukimbia wala kupigana. Kuku wana ngazi zao, kila mgeni anaanzia chini kabisa, na kwa mdogo hiyo "chini" inaweza kuwa kaburi.

Mkuu, kata banda vipande viwili kwa wavu, tundu zake zisipitishe kichwa cha kifaranga. Waonane, wasikie sauti, wasigusane, kwa wiki mbili angalau. Kuwachanganya kabisa subiri wiki ya 10 hadi 12, wakikaribia umbo la wakubwa. Na hata siku hiyo, weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, mbalimbali, ili mtetea mmoja mkorofi asivilinde vyote. Acha na upenyo ambao wadogo wanapita na wakubwa hawapiti.

Halafu kuna chakula. Cha watagaji kina chokaa nyingi mno, kinaharibu figo za wadogo. Siku wakichanganyika wape wote cha kukuzia, maganda ya chaza yaliyosagwa weka kwenye chombo cha pembeni. Mtetea anayetaga atayafuata mwenyewe.

Shangazi_wa_Mayai
Mnahangaika na nyavu, mimi nilikuwa na mtetea mmoja mweusi, akiatamia hakuna anayekaribia. Alilea 13, akawapitisha katikati ya kuku wote tangu wiki ya pili, jogoo akanyoosha shingo tu mara moja, alichopata hakukisahau. Mama ndiye wavu wenyewe. Tatizo la siku hizi tunaangulia kwenye mashine halafu tunashangaa watoto hawana mtetezi.

Mchanjaji
Mleta uzi, kabla hujagusa wavu wala taa: hao wakubwa ni wazima? Wapo hapo tangu lini?

MtuwaBanda
Wazima, wanakula vizuri. Tubaki kwenye suala la baridi tafadhali.

Mchanjaji
Nakuuliza tena kwa nia njema. Unasema nafasi ipo ya kutosha. Ilikuwepo tangu mwanzo, au kuna waliopungua?

MtuwaBanda
Sawa. Mitetea walikuwa saba. Watatu walikufa, kama siku ishirini zimepita. Walikuwa wanakoroma, kinyesi cha kijani, mmoja shingo ikapinda. Lakini waliobaki wamepona, jogoo anawika kama kawaida, banda nimefagia nikamwaga majivu. Sioni kwa nini liwe jambo kubwa. Vifaranga niliwapa chanjo ya kideri siku ya saba. Na niseme ukweli, jana usiku baada ya kumsoma BabaJogoo nilishawatoa sita, kujaribu tu. Ndani wamebaki 11. Mke wangu amelala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu, kwa hiyo msiniambie nimekosea.

Mchanjaji
Sitasema umekosea kumjali mkeo. Lakini nisikilize. Dalili hizo ni za kideri mpaka daktari wa mifugo aseme vinginevyo, na mafua makali ya ndege yanaweza kufanana nazo kabisa. Kwa hiyo mwite, usikisie. Kuku aliyepona anaweza kuendelea kutoa virusi kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa, na kufagia hakuondoi virusi. Chanjo ya siku ya saba peke yake haitoshi, inarudiwa wiki ya tatu au ya nne. Umerudia?

Kama hujarudia, hao sita wako hatarini. Waondoe kwa wakubwa leo, ila USIWARUDISHE kwa wale 11. Dalili zinaweza kuchukua siku 2 hadi 15 kujitokeza, kwa hiyo kuonekana wazima leo hakumaanishi kitu.

JichoKali
Samahani wadau, mimi naona tunachezewa. Mwanzo 18. Sasa sita nje na 11 ndani. Hiyo ni 17. Mtu mwenye kuku wa kweli anawajua kwa idadi. Na kideri kilipoingia kwangu kilifagia banda zima ndani ya siku nne, hakikubakiza hata wa mbegu. Huyu amebakiza watano wanaowika na kutaga? Hii ni hadithi ya kutunga, mtu anataka uzi uchangamke.

Shangazi_wa_Mayai
Hata mimi nilihisi. Kwanza "wakubwa wazima", mara watatu wamekufa. Kila akiulizwa anaongeza kipande.

MamaMitetea
Watu hawatungi pumu ya mke jamani. Mtu akiwa na hofu hukosea hesabu.

Mchanjaji
JichoKali, kubaki kwa watano si ushahidi wa uongo. Kuku waliowahi kuchanjwa, hata kama kinga imepungua, baadhi hupona. Lakini hesabu ni swali la haki. MtuwaBanda, mmoja yuko wapi?

JichoKali
Saa tano zimepita, kimya. Nilisema.

MtuwaBanda
Nilitoa saba, si sita. Asubuhi nimemkuta mmoja chini ya fito, kichwa kimedonolewa mpaka mfupa. Nimemzika kabla mke wangu hajaamka, kwa sababu yeye alikuwa amekataa tusiwatoe, alisema atavumilia vumbi. Sikuandika kwa sababu nilijua mtaniambia alichoniambia yeye. Hesabu yako ni sahihi, JichoKali. Chanjo ya pili sijarudia.

JichoKali
Nimekuelewa. Nafuta niliyosema. Nami niliwahi kuzika usiku.

BabaJogoo
Nilisoma "wiki tano" nikapita tu, kichwani nina wangu wa miezi minne. Nisamehe sana, ndugu.

FundiWavu
Kwa sasa sita wape kibanda chao mbali na hao wakubwa, hata boksi lenye wavu juu linatosha, ila taa usiku waachie. Wale 11 boksi litoke ndani, liende barazani pasipo na upepo, taa ifike. Vumbi litapungua bila kumpeleka mtoto yeyote kwenye midomo ya mitetea.

Mchanjaji
Na uhudumie kwa mpangilio: 11 kwanza, kisha sita, wakubwa mwisho. Viatu vya kwa wakubwa vibaki kwa wakubwa, mikono kwa sabuni. Chanjo usinunue kabla daktari hajawaona hao sita, kwa sababu haimtibu aliyekwisha kuambukizwa.

MtuwaBanda
Daktari anakuja kesho asubuhi. Mke wangu nimemwambia yote, ndiye ameshika tochi wakati navuta waya wa taa. Nimehesabu mara mbili: 11 barazani, sita kwenye kibanda cha muda. Mmoja wa hao sita amesimama peke yake amefumba macho. Huo ni usingizi tu au nianze kuhofu?

Mchanjaji
Mguse. Akifumbua macho na kukimbia, ni usingizi. Akibaki hapo hapo, mtenge sasa hivi, mpigie daktari usiku huu huu.

MtuwaBanda
Amekimbia.