Taifodi mara ya tatu mwaka huu, naombeni ushauri

Wakuu, habari za leo. Tangu Januari nimeambiwa nina taifodi mara 3, hospitali ileile ya binafsi hapa Dar. Juzi nilikwenda na uchovu na kichwa kuuma, homa sina. Daktari hata kunigusa tumbo hakunigusa. Macho kwenye kompyuta, akaandika Widal (kipimo cha damu cha taifodi), mkojo na ultrasaundi. Majibu: taifodi 1:160, na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, juu yake (UTI siku hizi nani hana?). Nikaanzishiwa sindano za antibayotiki ya ceftriaxone siku 5, bima inalipa.

Nilipochomwa ya pili nesi akaninong'oneza, "Kaka, damu yako ilioteshwa?" Wapi! Ndipo nikasoma kwamba Widal inaangalia kingamwili, ambazo huweza kubaki mwilini miezi hata ugonjwa ukiisha. Kuotesha damu, yaani kuikuza maabara kuona kama ina bakteria wenyewe, ndiyo afadhali, tena kabla ya antibayotiki. Mimi nimeshachomwa.

Sasa nimalize dozi au nikaonwe kwingine kwanza? Na unamwombaje daktari nakala ya majibu yako bila kuonekana mjuaji? Mimi niliomba dirishani, nikajibiwa ni ya bima. Madaktari na wenye uzoefu, nisaidieni, sindano nyingine ni kesho saa 2 asubuhi.