Naomba ushauri: "familia ya kawaida" kwa Kiingereza iandikwe vipi?

Wakuu, habari za muda huu.

Mdogo wangu anaomba ufadhili wa masomo Uingereza, kaniletea barua yake niipitie. Kuna sentensi imenikwamisha: "Nimetoka familia ya kawaida." Yeye kaandika "common". Hapo nikasita, maana Mwingereza akisema mtu ni "common" mara nyingi anamsengenya, kwamba hana adabu wala malezi. Ajabu, neno hilohilo limo kwenye jina la bunge lao, House of Commons, na huko wala si tusi.

Nikafikiria "ordinary". Hili tumelizoea tangu Ordinary Level ya kidato cha nne, halina ubaya. Ila kwenye barua ya kuomba hela naona linapoa, kama chai isiyo na sukari. "Average" ni la takwimu zaidi. "Mediocre" nimemkataza kabisa. Hilo ni kusema kitu hakina kiwango.

Hali yetu yenyewe ni hii: baba fundi cherehani, mama ana genge la mboga. Hatukulala njaa, lakini ada ilikuwa ya kuungaunga.

Sasa wajuzi, hasa mliosoma huko: aweke "ordinary", au afute neno lenyewe aeleze tu habari za cherehani na genge? Mwalimu wake kamshauri "humble", mimi naona linaomba huruma. Barua inatakiwa iende kabla ya Ijumaa, na dogo hataki kunisikiliza peke yangu.